Tike 9 zenye ziligeuka nyeusi kama makala

Siku moja ya posho, asubui, papa mmoja mwenye anatumika kwa sous-traitant alikuja kunipigia hodi. Mkononi alikuwa na karatasi moja yenye ilifungwa ndani ya plastiki. Karatasi ile ilikuwa nyeusi, nyeusi kabisa, kama makala yenye imetoka mu jiko.

«Delege, angalia hii. Ni masaa yangu. Yote imekufa.»

Nikamuuliza imekufa namna gani. Akanielezea. Kwa kampani yake, mashini ya pointage inatosha tike ndogo kila siku wakati unatoka: saa uliingia, saa ulitoka. Yeye alikuwa anadai masaa ya ziada ya siku 22. Ku biro walimuambia: leta ushahidi. Na yeye ushahidi alikuwa nao, tike zote 22, bibi yake alizichunga vizuri ndani ya Biblia. Sasa, ili zisiharibike na jasho ya mfuko, alizipeleka kwa kijana wa kuplastifier pale ku soko. Walipanga tike 9 mu plastiki ya kwanza, wakaingiza mu mashini. Ikatoka nyeusi. Kijana mwenyewe akaogopa, akazima mashini, akakataa makuta.

Zikabakia 13. Tulienda siku ileile kuzifotokopi. Kisha mabishano ya majuma matatu, kampani ililipa siku 13. Zile 9, hakuna. Wakubwa walisema: karatasi nyeusi haisomeke.

Wakati tulikuwa tunatoka ku biro, ule papa aliniuliza ulizo moja yenye sikuwa na jibu yake: «Lakini delege, nani alitengeneza karatasi ya vile, yenye inajifuta yenyewe?» Mimi ni mutu wa sendika, si injinia. Lakini nilitafuta, nikasoma, na leo ninawaletea jibu, sababu kila mmoja wetu iko na zile tike mu nyumba.

Kitu cha kwanza cha kujua: katika ile tike hakuna wino. Hata tone moja. Karatasi yenyewe imepakwa dawa mbili. Ya kwanza ni rangi yenye haionekane, ya pili ni aside. Zinalala pamoja juu ya karatasi, kila moja kwa upande wake, bila kugusana sawasawa. Ndani ya mashini kuko kichwa chenye vipande vidogo vidogo vya kupasha moto, vimepangwa mustari mmoja. Kipande kikipata umeme kinakuwa moto kwa kitambo kidogo sana, dawa mbili zinayeyuka, zinakutana, na fasi ile inakuwa nyeusi. Herufi ni madoa ya moto tu. Basi mukipeleka karatasi kama ile mu mashini ya kuplastifier, yenye moto yake inapita digri 100, ni sawa na kuambia karatasi yote: andika! Nayo inaandika yote, kutoka kona mpaka kona.

Mutu mwenye jina yake inatajwa sana kwa ile kazi ni Mwamerika Jack Kilby, wa kampani Texas Instruments. Ni yeye mwenye alitengeneza mu 1958 kipande cha kwanza chenye kuunganisha sehemu mingi za umeme pamoja, baba ya vile viko leo ndani ya telefone zetu. Kwa ile, mu 2000, walimupa Prix Nobel. Mu 1967 yeye na wenzake walimaliza mashini ya kuhesabu ya kushika mkononi, na jibu la hesabu lilikuwa linatoka juu ya utepe wa karatasi ya moto. Kisha, mwanzoni mwa miaka ya 1970, kampani ileile iliuzisha mashini ya kuandika yenye waliita Silent 700, maana yake mashini ya kimya. Mashini za wakati ule zilikuwa zinapiga nyundo juu ya karatasi, kelele kama crusher. Hii haikuwa na nyundo. Ilikuwa nyepesi, mutu anaweza kuibeba, na hakuna wino ya kununua.

Munaona sasa sababu gani wanaipenda ku maduka, ku mizani na ku pointage: iko rahisi, haina kelele, haiishiwe wino. Lakini hawakuitengeneza ili ushahidi wako ukae miaka kumi.

Upande wa wino, safari ilikuwa ingine. Mu Sweden kulikuwa mutu mmoja, Rune Elmqvist, alisomea udaktari lakini mikono yake ilipenda vyombo. Alitaka kuandika mapigo ya moyo ya mgonjwa. Kalamu ya kawaida ni nzito, moyo unapiga mbio kuipita. Akafanya wino itoke kama uzi mwembamba sana kutoka mu tundu ndogo, uzi ule unachezacheza juu ya karatasi kufuata moyo. Alipata hati ya ubunifu huko Marekani mu 1951. Ni ule Elmqvist tena mwenye alitengeneza chombo cha kusaidia moyo, chenye waliweka mara ya kwanza ndani ya mwili wa mutu mu 1958.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, ku université ya Stanford, Richard Sweet aliongeza akili ingine: kukata ule uzi wa wino kuwa matone, kupatia kila tone umeme, na kuyasukuma kwa umeme fasi yenye unataka. Zile tarehe za vitone vitone zenye munaona chini ya kopo ya maziwa ao ku shingo la chupa, mingi zinaandikwa namna ile mpaka leo.

Lakini mashini ya wino ya biro, yenye inaandika fishi ya mushahara, ilizaliwa kwa ajali. Mu 1977, huko Tokyo, kwa kampani Canon, injinia Ichiro Endo na wenzake walikuwa mu laboratware. Kuko sindano yenye imejaa wino, na pembeni kuko chuma ya moto ya kulehemu. Chuma ikagusa sindano. Puu! Wino ikaruka ku ncha ya sindano. Mwingine angepangusa meza na kurudi ku kazi yake. Endo alijiuliza: nani amesukuma hii wino? Jibu: moto. Moto umechemsha wino kidogo, mvuke umefanya povu, povu limesukuma wino inje.

Karibu na wakati ule, ngambo ya bahari, mu California, John Vaught wa kampani Hewlett-Packard alipata wazo lilelile pamoja na mwenzake Dave Donald. Hawakujua kama Wajapani wako mu njia moja nao. Kisha kampani zote mbili zilielewana kutumia ubunifu ule, badala ya kumaliza makuta ku tribinali. Mu 1984 Hewlett-Packard ilitosha mashini yenye iliitwa ThinkJet: matundu 12, bei dola 495. Mwaka uleule, mashini yao ya laser ilikuwa inauzishwa dola 3.495. Mu 1985 Canon nayo ilileta BJ-80.

Hapa sasa, ndugu zangu wa mu shimo, jambo linafika kwetu. Ndani ya kila tundu kuko kipande kidogo cha kupasha moto. Kinapasha wino mpaka karibu digri 300 kwa kitambo kidogo kuliko kupepesa jicho. Povu linazaliwa, tone linaruka, povu linakufa. Na wakati povu linakufa, wino inarudi kwa nguvu na inapiga ukuta kama nyundo. Mafundi wa pompe wanajua ile ugonjwa: ndiyo ile cavitation yenye inakula turbine ya pompe mpaka inakuwa na mashimo kama mukate. Sasa fikiri inapiga zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde juu ya kitu kidogo kupita punje ya muchanga. Chuma gani inaweza kuvumilia?

Waliochagua walichagua tantale. Kile kipande cha moto, Hewlett-Packard ilikitengeneza na tantale pamoja na aluminium, na kisha walifika kukifunika na tabaka ingine ya tantale ili kivumilie ile nyundo. Na tantale inatoka mu koltani, jiwe yenye ndugu zetu wanachimba ku Rubaya na ku Manono. Siku wakubwa watakuambia kazi yako ni ya pauni na mikono tu, haina akili ndani, kumbuka ile: bila jiwe kama ile, povu lingekula mashini.

Sasa, nirudie kwa tike za ule papa. Kila namna ya kuandika iko na adui wake. Karatasi ya moto: adui wake ni moto, jua, mafuta ya mikono, scotch, na mifuko ya plastiki laini. Kwa moto inakuwa nyeusi. Kwa mafuta na plastiki inakuwa nyeupe polepole. Wino ya maji: adui wake ni mvua, muchoro unamwagika. Fotokopi ndiyo yenye nguvu. Chester Carlson aliivumbua New York mu 1938. Inatumia unga mweusi wa kaboni na plastiki, wenye unayeyuka na kushikamana na karatasi. Jua na mafuta ya mikono havifute ile haraka.

Kwa wamama na watoto wetu wenye wanatumika ku kese: karatasi mingi za moto zilikuwa na dawa moja, bisphénol A, yenye inapita mu ngozi. Ulaya ilikataza kuitia mu karatasi zile tangu 2020, isipokuwa kiasi kidogo sana. Usimpe mtoto tike achezee ao atafune. Ukimaliza kazi, nawa mikono mbele ya kula.

Na kwa kila mufanyakazi: tike ya pointage, tike ya mizani, resi ya makuta, piga foto na telefone siku ileile. Kila juma fotokopi, andika tarehe kwa kalamu pembeni, peleka kopi moja kwa delege wako. Ya asili iweke ndani ya bahasha ya karatasi, fasi ya baridi. Usiiweke chini ya kioo cha gari, usiiweke juu ya friji, na usiiplastifier hata kama unaipenda namna gani.

Sisi ku sendika tumeandika mu madai yetu ya mwaka huu kama pointage itoke juu ya karatasi ya kawaida, na mufanyakazi abakie na kopi. Jibu bado. Ule papa, yeye, alitundika ile karatasi nyeusi ku ukuta wa salon yake. Watoto wakimuuliza ni picha gani, anawaambia: «Ni siku 9 zangu.»