UZI: Mkiachana, mali ni nusu kwa nusu?

1/ Kila msimu wa siasa hii stori hurudi. Mmoja anapanda jukwaani anasema sheria inampa mke nusu ya shamba la mume. Mwingine anasema mahakama ilishamwacha mama wa nyumbani mikono mitupu. Wote wawili wanawapotosha. Tulieni tuelewane.

2/ Katiba ya 2010, Kifungu cha 45(3): mume na mke wana haki sawa wakioana, wakiwa kwenye ndoa na ndoa ikivunjika. Wengi wakifika kwa hilo neno "sawa" wanafunga kitabu. 50/50, basi.

3/ Lakini kuna Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013. Sehemu ya 7 inasema mali hugawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja.

4/ Na mchango si pesa tu. Sheria yenyewe inataja kazi za nyumbani, kulea watoto, kusimamia biashara ya familia, kulima shamba, hata kule kuwa mwenzi tu. Yule unayesema "hakuleta hata shilingi" huenda alileta mengi.

5/ Na shamba ulilonunua au kurithi kabla ya ndoa? Kwa kawaida si mali ya ndoa. Lakini mwenzako akichangia kuliendeleza, anapata haki humo kadiri ya mchango wake.

6/ Januari 2023 Mahakama ya Juu ikasema wazi: usawa wa Katiba haumaanishi nusu moja kwa moja. Kila kesi ina mambo yake, na anayedai athibitishe alichochangia. Kitu hawawaambii jukwaani: katika kesi hiyo hiyo mke alipata nusu ya nyumba na vyumba vya kupangisha.

7/ Sasa shida iko hapa. Mwenye mshahara ana karatasi za benki na za mkopo wa Sacco. Mama aliyekamua ng'ombe saa kumi na moja asubuhi miaka 20 ana risiti gani? Ushahidi wake ni majirani, watoto na mashahidi wengine. Kuthibitisha kunawezekana, lakini si rahisi.

8/ Mambo mawili watu husahau:
– Nyumba ya ndoa haiwekwi rehani wala kukodishwa bila idhini ya maandishi ya wote wawili.
– Waislamu wanaruhusiwa kufuata sheria ya Kiislamu katika mali ya ndoa.

9/ Na hii si vita ya wanawake na wanaume. Mume aliyelea watoto mke akiwa kazini analindwa na kifungu kile kile.

10/ Kwa hivyo mgombea akija kwenu na hii stori, msimpigie makofi kwanza. Muulizeni: utaibadilisha sehemu ya 7 au utaiacha? Na yule asiye na risiti, kazi yake itapimwaje? Akizungukazunguka, mmeshapata jibu.