Umeambiwa "Nenda Kasome": Ukasome Wapi?

Swali linalotufikia mara kwa mara kutoka kwa familia zetu za Ibra, Sur na Nizwa ni hili: dereva aliyeandikiwa makosa ya barabarani akaambiwa arudi masomoni, aende kwa nani? Twalijibu kwa kirefu, kwani tumeona watu wakitoa fedha kwa masomo yasiyowahusu, na wengine wakakosa kazi ilhali cheti wanacho mkononi.

Kwanza tuelewane juu ya hesabu yenyewe. Sheria ya barabarani ya Oman ilitolewa kwa Amri ya Kifalme nambari 28 ya mwaka 1993 na kurekebishwa mwaka 2016. Kanuni zilizoanza kutumika Machi 2018 ndizo zilizoleta utaratibu wa pointi nyeusi. Kosa lina faini yake, na makosa mengi yana pointi zake pia. Aliyeshika simu huku akiendesha, kwa mfano, hutozwa riali 15 na kuandikiwa pointi 2. Faini hulipwa ikaisha. Pointi hazilipiki kwa fedha, nazo hukaa katika jalada la dereva. Wengi wetu hulipa zile riali, wakarejea nyumbani wakidhani wamekwisha maliza.

Anayepaswa kuogopa zaidi ni mwenye leseni mpya. Yeye hupewa kwanza leseni ya majaribio ya mwaka mmoja. Mwaka ukiisha naye ana pointi zisizozidi 6, hupata leseni kamili. Akiwa nazo kati ya 7 na 10, huongezewa mwaka mwingine wa majaribio. Zikipita 10, leseni hufutwa. Aliyefutiwa leseni hana kozi ya siku mbili tatu ya kumwokoa. Hurudi mwanzo kabisa: alama za barabarani, kurudi nyuma baina ya mapipa, kusimama na kuondoka juu ya mlima, kisha barabarani akiwa na askari kando yake. Kwa kijana aliyeajiriwa kupeleka mizigo kutoka Ibra hadi Bidiya, huko ni kukaa miezi bila mshahara.

Mtu huyu basi hana skuli ya kuchagua, bali ana mwalimu wa kuchagua, na hapa twaomba mtuvumilie tukae kidogo. Nchini humu wanafunzi wengi hufundishwa na walimu binafsi wenye kibali cha polisi, kila mmoja na gari lake, na malipo ni kwa saa. Wako wanaosifiwa kwa "kupitisha" haraka. Hao hukukaririsha mapipa mpaka ukayafanya ukiwa umefumba macho, na siku ya mtihani ukafaulu. Lakini pointi zako hukuzipata kwenye mapipa. Kwetu Unguja, Dar es Salaam, Mombasa na Kampala huendeshwa upande wa kushoto. Hapa ni kulia, na mzunguko wa barabara hugeuka kinyume na ule tuliouzoea: gari lililokwisha kuingia ndani, likija kutoka kushoto kwako, ndilo lenye haki. Mkono na jicho vilivyofunzwa miaka 20 kutazama kulia kwanza haviachi ada hiyo kwa kuambiwa mara moja. Kwa maoni yetu mwalimu afaaye ni yule anayekubali kutumia saa nzima katika mzunguko wenye magari mengi wakati wa watu kutoka kazini, na anayekueleza kosa kwa lugha uielewayo. Katika miji yetu hii wazee na vijana wasemao Kiswahili si haba. Ulizeni majirani mtaelekezwa. Akina mama na dada zetu wapendao kufundishwa na mwanamke waulize pia, kwani walimu wanawake wapo.

Wa pili ni dereva wa siku nyingi aliyelimbikiza pointi. Huyu shauri lake liko kwa polisi wenyewe, ambao wana Taasisi ya Usalama wa Barabarani na mafunzo yao kwa wakosaji. Asianzie kwa mtu wa mtaani aliyemwahidi cheti. Aende kwanza ofisi ya muruur akiwa na bitaka yake, aulize ana pointi ngapi, anatakiwa mafunzo gani, na yanafanyika wapi.

Wa tatu ni wale ndugu zetu wa Nizwa na Adam wanaoendesha magari ya makandarasi kuelekea visima vya mafuta, Qarn Alam na kwingineko. Kampuni ya mafuta ya PDO hudai dereva awe amepita mafunzo ya uendeshaji wa kujihami kwa wakufunzi iliowakubali. Gari pia huwa na kifaa kinachoandika mwendo na kila breki ya ghafla. Dereva akipatikana na kosa kwa hesabu ya kifaa hicho, mwajiri aweza kumrudisha darasani hata kama polisi hawana habari naye. Cheti hicho hakifuti pointi za polisi, wala mafunzo ya polisi hayamrudishii mtu kibali cha kuingia eneo la mafuta.

Liko kosa ambalo hatulitii katika hesabu ya kozi, nalo ni kuvuka wadi lenye maji. Sheria hulipeleka mahakamani, na kifungo kimo katika adhabu zake. Watu wa Sharqiyah hawahitaji kukumbushwa Samad al-Shan, Aprili 2024, wanafunzi walipochukuliwa na maji.

Kwa wale waendeshao magari ya waajiri wao tuna neno moja zaidi. Rada hupiga picha nambari ya gari, kwa hiyo habari ya kosa humfikia kwanza mwenye mulkiya, nayo mulkiya haihuishwi mpaka faini zote zilipwe. Mara nyingi kafili huligundua kosa la Muharram katika Shaaban, siku anayotaka kuhuisha, na hapo hakuna akumbukaye nani alikuwa usukanini. Kubalianeni naye mapema kuangalia faini kila mwisho wa mwezi, na nanyi muwe na daftari la safari zenu: tarehe, saa, na barabara mliyopita.