Programu huria za kusimamia miradi: kabla ya kuuliza ipi, angalieni kazi yenu inakwama wapi

Vikundi vingi hapa Pwani, viwe vya kupanda mikoko, vya vijana au vya akina mama, huendesha kazi zao kwa WhatsApp, daftari la mwekahazina na kichwa cha katibu. Mambo huenda, hadi siku mtu atakaposimama kwenye baraza na kuuliza: lile tangi mliloahidi shule yetu liliishia wapi? Hapo ujumbe wa miezi minane iliyopita umeshazama chini ya salamu za Ijumaa na picha za harusi, na aliyeahidi hakumbuki kama aliahidi.

Mimi ni katibu wa kikundi cha watu kumi na mmoja katika Kaunti ya Kilifi. Tunajenga na kukarabati matangi ya maji ya mvua shuleni. Kwa miaka mitatu tulitumia mfumo wa kulipia ambao mfadhili mmoja alitusajilia. Ulikuwa mzuri, sina ubishi. Mradi ulipoisha, malipo nayo yakaisha na akaunti zikafungwa. Orodha ya shule, vipimo, picha za siku ya kukabidhi, nani aliidhinisha nini, vyote vikabaki nyuma ya mlango ambao ufunguo wake haukuwa wetu. Ndipo tukageukia programu huria, na tangu hapo wenzetu wa vikundi vingine wamekuwa wakiniuliza tulichagua vipi.

Kwanza tuelewane kwamba huria na bure ni vitu viwili. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, na leseni yake inakuruhusu kuitumia, kuichunguza, kuibadilisha na kumpa mwenzako. Bure ni bei tu, na bei hubadilika. Chukua mfano wa Trello, ambayo vikundi vingi huifahamu. Ilianza 2011, ikanunuliwa na kampuni ya Atlassian mwaka 2017 kwa dola milioni 425, na mwaka 2024 huduma yake ya bure ikawekewa kikomo cha watu 10. Sisi, kama nilivyosema, ni kumi na mmoja. Kampuni hiyohiyo ilisitisha Februari 15, 2024 huduma kwa yale matoleo ya Jira yaitwayo Server, ambayo wateja walikuwa wameyaweka kwenye mashine zao wenyewe. Mali ni yao na uamuzi ni wao. Lakini kikundi kinachoweka kumbukumbu za miaka mingi lazima kijue kimepanga nyumba ya nani.

Kabla ya kufungua kompyuta yoyote, tulibandika karatasi kubwa ya manila ukutani na kuandika safari ya tangi moja tangu mwanzo. Barua ya mwalimu mkuu inafika. Mtu anakwenda kupima paa na kuangalia udongo. Kamati inaidhinisha. Vifaa vinanunuliwa. Fundi anajenga. Mtu mwingine anakagua. Shule inatia sahihi. Halafu tukaweka kibandiko kimoja kwa kila shule iliyokuwa ikisubiri, pale ilipo. Ndani ya nusu saa tuliona jambo ambalo mikutano ya mwaka mzima haikutuonyesha: vibandiko tisa vilikuwa vimerundikana kati ya kuidhinishwa na kununuliwa. Tatizo halikuwa mafundi, ambao ndio waliokuwa wakilaumiwa kila siku. Tatizo lilikuwa kwamba hakuna aliyepewa jina la kufuatilia bei dukani.

Karatasi ile ndiyo iliyotuchagulia aina ya programu. Kazi inayokuja mojamoja na kupita hatua zilezile inahitaji ubao wa kadi, unaoitwa kanban, neno la Kijapani lenye maana ya kibao cha matangazo, ambalo viwanda vya Toyota vililipa umaarufu. Ujenzi wa jengo moja kubwa, ambapo ukuta hauwezi kuanza kabla ya msingi na tarehe zote zimefungana, unahitaji chati ya Gantt. Ukikosea hapa, hata programu bora itawachosha watu.

Kwa upande wa Gantt na miradi mikubwa kuna Redmine, iliyoanza 2006, na OpenProject ya Berlin, ambayo asili yake ni hiyohiyo Redmine. Zote mbili zina leseni ya GPL. OpenProject inapendeza zaidi machoni, ila baadhi ya sehemu zake zimetengewa wanaolipa, na waundaji wenyewe wanashauri mashine isiyopungua GB 4 za kumbukumbu na GB 20 za nafasi. Kwa ofisi ya watu mia hiyo si kitu. Kwa kikundi chetu ilikuwa sawa na kukodi lori kubeba gunia moja la saruji. Kwa upande wa ubao tuliangalia Wekan, ambayo inaweza kupokea ubao uliotoka Trello, na Kanboard. Taiga ya Uhispania ni nzuri, lakini imeshonwa kwa vipimo vya waandishi wa programu. Anayetumia Nextcloud tayari asiende mbali, ajaribu Deck iliyomo humo.

Tulichukua Kanboard. Sura yake ni ya kizamani na haina mapambo. Lakini ni nyepesi, inakubali kuweka kikomo cha kadi katika safu moja, na kwa kawaida huhifadhi data yake katika faili moja ya SQLite. Kikomo hicho ndicho dawa ya yale marundo yetu: safu ya manunuzi inaruhusu kadi tatu, na ikizidi, rangi inabadilika na kila mtu anaona.

Jambo la kupima kwa makini ni uhai wa programu yenyewe. Msimbo kuwa wazi hakumaanishi yupo mtu anayeutunza. Focalboard ilisifiwa sana ilipotoka, na leo ukurasa wa msimbo wake una ilani kwamba hautunzwi tena. Kanboard nayo imetangazwa na mwenyewe kuwa katika hali ya matengenezo tu: kasoro zinarekebishwa, makubwa mapya hayatarajiwi. Wengine wangeikataa kwa hilo. Mimi naona kinyume, kwa sababu hatuhitaji makubwa mapya. Tunachohitaji ni mashimo ya usalama yazibwe, na yanazibwa.

Halafu kuna suala la seva, ambalo watu hulipita haraka na ndilo lenye gharama. Kuiweka ofisini kunavutia, maana mashine ni yako. Lakini wenzetu wako Ganze na Magarini wakitumia simu, umeme unapotea, na hewa yetu ya chumvi inazila mashine polepole. Tuliamua kukodi seva ndogo, na tukasisitiza iwe hapa Kenya. Mei 12, 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mtandao wa Afrika Mashariki ulidorora. Tovuti zilizoko nje ziliburura miguu, lakini mawasiliano ya ndani ya nchi yana njia yake, yakibadilishana katika vituo vya KIXP vya Nairobi na Mombasa. Ubao wa kazi za Kilifi hauna sababu ya kuzunguka Ulaya kwanza ili mtu wa Ganze aufungue.

Jaribio letu lilichukua wiki mbili, kwa kazi za kweli. Mtahini tuliyemchagua ni mwekahazina wetu, mama wa miaka hamsini na kitu mwenye simu iliyopasuka kioo. Siku ya tatu aliniambia, "Mwanangu, kadi naziona, lakini hizi arifa za barua pepe mnamtumia nani?" Alikuwa na haki. Hapa kwetu barua pepe hufunguliwa siku ya kuomba kazi. Kwa hiyo WhatsApp haikuondoka: kila Jumatatu asubuhi naandika pale kadi zilizokwama, kila moja na jina la mhusika. Mazungumzo yabaki huko, ahadi ziingie kwenye ubao.

Jaribio la mwisho, ambalo kwangu ndilo kubwa, lilikuwa la kuhama. Tulichukua nakala ya ile faili pamoja na picha zilizoambatishwa, tukaziweka kwenye kompyuta nyingine kabisa, tukazima intaneti na kuangalia kama ubao unafunguka. Ulifunguka. Programu yoyote isiyopita jaribio hili, iwe huria au ya kulipia, ningeiacha hata ikiwa nzuri namna gani. Na picha msizisahau, kwa maana kutoa orodha ya kadi peke yake hakubebi viambatisho.

Kadi zetu zina majina ya walimu na namba za simu za wazazi, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inatuhusu hata kama hatuna ofisi yenye bango. Tuliondoa namba zisizohitajika, na kila mwanachama ana nywila yake.

Kijana anayeitunza seva anakwenda chuoni Septemba. Tangu mwezi uliopita anamfundisha msichana mmoja wa kikundi kusasisha programu na kushusha nakala ya akiba kila Ijumaa, na nywila kuu iko ndani ya bahasha iliyofungwa, kwenye sanduku la mwekahazina, pamoja na stakabadhi za benki. Kikundi ambacho hakina hata mtu mmoja wa kazi hiyo kibaki na karatasi ya manila kwa sasa. Yetu bado iko ukutani.