Mwanafunzi Aliyehitimu na Rukhsa ya Mgeni

Mwanafunzi wa kigeni amalizapo masomo yake katika chuo kikuu cha Marekani hukuta kwamba shahada aliyoitaabikia kwa miaka, na ambayo kwao inangojewa kwa pilau na vigelegele, imemwondolea ile sababu iliyoifanya serikali ya nchi hiyo imkubalie kukaa ndani ya mipaka yake. Kwa maana yeye hakuingia kama mkazi wala kama mtalii, bali aliingia kusoma, na kusoma kumekwisha. Walakini aghalabu huwa hajawa tayari kuondoka. Wazazi wamekata tiketi waje kushuhudia mahafali, vitabu na vitanda havijapata mnunuzi, na sehemu kubwa ya nchi ile hakuiona ila katika ramani, kwa kuwa likizo zake zilikwisha maktabani au jikoni mwa bweni akiosha sahani kwa ujira. Ndipo ajapo kuuliza kama sheria inamruhusu kuivua hadhi ya mwanafunzi, iitwayo F-1, na kuvaa ya mgeni wa matembezi, iitwayo B-2, bila ya kutoka nchini. Sheria inamruhusu kuomba. Kama inamfaa kuomba ni shauri jingine.

Hapana budi kwanza kutenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Viza iliyobandikwa katika pasi ni rukhsa ya kupiga hodi tu: hutolewa na ubalozi, uwe wa Dar es Salaam au wa Nairobi, na kazi yake hukoma mlangoni. Hadhi ni hali ya kisheria aliyo nayo mtu akiwa ndani, na hiyo huandikwa katika kumbukumbu ya kuingia, iitwayo I-94. Mtalii akiifungua kumbukumbu yake ataona tarehe kamili ya mwisho wa kukaa kwake. Mwanafunzi, mahali pale pale, huona herufi mbili, D/S, ambazo maana yake ni kwamba atakaa muda wote atakaodumu katika masomo yake kwa mujibu wa kanuni. Herufi hizo zimewapa wengi faraja isiyo ya haki, wakadhani kuwa maadam hapana tarehe, hapana mwisho. Mwisho upo, ila haukuandikwa hapo.

Umeandikwa katika hati ya chuo, I-20, penye tarehe ya kukoma kwa masomo. Baada ya tarehe hiyo mwanafunzi aliyehitimu salama hupewa siku 60 za kufunga mizigo, kutembea, au kuomba hadhi nyingine. Aliyeacha masomo kwa idhini ya chuo hupewa siku 15. Aliyeyaacha pasipo idhini hapewi hata moja. Na wale waliokuja kwa mpango wa mabadilishano, wenye viza ya J-1, wana siku 30. Hapa ndipo penye mtego, nao hunasa hata wenye shahada za hisabati. Tuchukue kijana wa Tanga ambaye hati yake yaonyesha kuwa masomo yamekoma tarehe 8 Mei, na chuo chake kikafanya mahafali tarehe 17. Yeye na wazee wake huhesabu tangu siku ya joho na picha, wakafika tarehe 16 Julai, ilhali muhula wake wa kweli umekwisha tarehe 7. Zile siku tisa za katikati ndizo ziwezazo kulifanya ombi lake liwe limechelewa. Fauka ya hayo, ombi huhesabiwa kuwa limewasilishwa siku lilipopokewa na Idara ya Uraia na Huduma za Uhamiaji, si siku lilipotiwa posta. Na likiwa na ada pungufu hurudishwa na bahasha yake, na siku zilizopotea njiani hazirudishwi.

Ombi lenyewe hufanywa kwa fomu I-539. Ada yake, kwa mpango uliowekwa mwezi Aprili 2024, ni dola 470 kwa karatasi na dola 420 kwa njia ya mtandao. Fomu si ngumu. Kazi iko katika barua inayofuatana nayo, ambamo mwombaji hueleza anataka kukaa kwa ajili ya nini, mpaka lini, kwa fedha za nani, na ana nini kwao cha kumrudisha. Anayesema kwamba mama yake anafika Juni, kwamba watatembea pamoja mpaka mwisho wa Agosti, na akaambatisha taarifa ya benki na tiketi ya kurudi, amesema jambo linaloeleweka. Anayeandika kwamba angependa kuendelea kufurahia nchi kwa miezi sita, ilhali akiba yake haitoshi kodi ya nyumba ya miezi miwili, amemwachia afisa kujaza mwenyewe yale aliyoyaficha, na maafisa hawakosi ufundi wa kujaza.

Akiisha kuliwasilisha kwa wakati, ruhusa ipo ya kukaa akingoja jibu. Huku kungoja ndiko kunakonifanya niitazame njia hii kwa shaka. Majibu huweza kuchukua miezi mingi, na si nadra kwa miezi aliyoiomba mtu kupita kabla ya jibu kufika, hata ikawa anaruhusiwa kwa barua kukaa siku ambazo tayari amekwisha kuzikaa. Katika muda huo si mwanafunzi, basi hawezi kuajiriwa hata kwa saa zile chache za maktaba; bima ya afya ya chuo imekoma au inakaribia kukoma; na leseni yake ya udereva, ambayo kwa wageni hufungwa na muda wa ruhusa ya kukaa, yaweza kumalizika akabaki akibishana dirishani na karani ambaye hajapata kuiona stakabadhi ya namna hiyo. Tena akitoka nje ya nchi, hata kwa mazishi, ombi huhesabiwa kuwa ameliacha. Na likikataliwa hapana muhula mwingine: siku za kukaa kinyume cha sheria huanza kuhesabiwa kesho yake.

Hesabu hiyo si ya mchezo. Kwa sheria ya mwaka 1996, aliyekaa hivyo zaidi ya siku 180 kisha akaondoka huzuiwa kurudi kwa miaka 3, na aliyefikisha mwaka mzima huzuiwa kwa miaka 10.

Ajabu ni kwamba wengi waifuatao njia hii hawana haja ya utalii hata kidogo, bali wanatafuta kazi. Kutafuta si kosa: mwaka 2023 idara ile ile ilieleza kwamba mwenye hadhi ya mgeni aweza kuomba kazi na kuhudhuria usaili, mradi asianze kazi kabla ya kubadilishiwa hadhi. Lakini kwa mtu wa namna hiyo ulikuwako mlango ulio bora, nao ni mafunzo ya kazi yaitwayo OPT, ya miezi 12, ambayo waliosomea sayansi na uhandisi huweza kuongezewa miezi 24. Na dirisha la kuyaomba hufunguliwa siku 90 kabla ya masomo kukoma na kufungwa siku 60 baadaye. Aliyeliacha dirisha hilo akakimbilia I-539 amebadilisha rukhsa ya kufanya kazi kwa rukhsa ya kutazama majumba.

Tabu hizi si ngeni kwa watu wa Afrika Mashariki. Mwezi Septemba 1959, kwa juhudi za Tom Mboya, ndege iliwachukua wanafunzi 81 kutoka Kenya kwenda kusoma Marekani. Na mwaka huo huo, ingawa si kwa ndege hiyo, Barack Obama, baba wa rais wa baadaye, alifika Hawaii. Yeye alilazimika kuomba kuongezewa muda mara kwa mara, na mwaka 1964, akiwa Harvard na shahada ya udaktari haijakamilika, ombi lake lilikataliwa akarudi nyumbani. Zamani ile mwanafunzi aliishi kwa tarehe. Herufi D/S zilikuja baadaye, na mwezi Agosti 2025 Wizara ya Usalama wa Ndani ilichapisha pendekezo la kuziondoa, ili mwanafunzi apewe muda maalumu usiozidi miaka minne, na zile siku 60 zipunguzwe ziwe 30. Kwa hiyo ye yote anayetaka kuomba na amwendee kwanza afisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni kwake, aulize kanuni ya siku hiyo, asitegemee simulizi za aliyemtangulia kuhitimu.

Mimi naona kwamba kwa mwenye wazazi waliokuja na safari iliyopangwa, siku 60 zatosha kutoka New York mpaka California bila ya kuijaza fomu yo yote. Na kwa anayetaka zaidi ya hapo, kurudi nyumbani na kuomba viza ya mgeni ubalozini ni njia ndefu kwa macho lakini fupi kwa hesabu. I-539 niwaachie wenye udhuru hasa: mwenye jamaa mgonjwa wa kuuguzwa, mwenye matibabu yaliyoanza, au ambaye kwao njia zimefungwa. Hata wakikubaliwa, wajue kwamba hadhi mpya haikuwapa viza mpya. Wakitoka watapiga hodi upya, na afisa wa ubalozi, ambaye kumbukumbu zote zi mbele yake, ana haki ya kuuliza kwa nini yule aliyeahidi kurudi baada ya masomo aliomba kubaki.

Siku ya kuondoka, msafiri asingoje muhuri. Marekani haipigi muhuri pasi ya anayetoka. Kuondoka kwake hujulikana kwa orodha ya abiria ambayo shirika la ndege hupeleka serikalini, na aliyepita kwa gari kwenda Mexico huweza kuonekana katika daftari kama bado yumo ndani. Kipande kile cha kupandia ndege, ambacho wengi hukitupa uwanjani Doha au Amsterdam, na kihifadhiwe pamoja na shahada.