Pesa za Posta: Ni Amana au ni Mkopo?

Mwaka 1982, zikiwa zimesalia siku chache Idi ya Mfunguo Mosi iingie, mama alinishika mkono tukaenda posta. Baba alikuwa mpishi Nairobi, na kila mwezi alituletea hawala ya posta, au mani oda kama tulivyozoea kuiita. Mama alikuwa amekwisha kuzigawa pesa zile kichwani mwake kabla hazijafika: deni la duka, kitambaa cha kanzu yangu, na ada ya chuoni. Karani aliitazama karatasi, akakitazama kitambulisho, kisha akavirudisha vyote viwili dirishani. Baba alikuwa ameandika "Mwana Esha", jina ambalo mtaa mzima ulimwita mama tangu utoto wake. Kitambulisho kilisema "Aisha".

"Bwana karani," mama akasema, "Esha na Aisha si jina moja?"

"Kwako wewe, mama, ni moja. Kwangu mimi ni mawili. Mwambie mwenye kutuma arekebishe."

Jioni ile nilikwenda chuoni mikono mitupu, nikamweleza maalim kwa nini ada haikuja. Maalim wetu hakuwa mtu wa kuacha jambo lipite bila ya kuligeuza somo. Akafunga msahafu wake, akatuuliza sote tuliokaa mkekani: "Haya, pesa zile hivi sasa ni za nani? Za babake, za mamake, au za posta?" Kila mmoja akasema lake. Mwenzangu mmoja akasema ni za karani, akachekwa. Maalim akatwambia tu: "Mkishajua kama zikiwa njiani ni amana au ni karadha, mtajua ni za nani." Akatuaga, tukaenda zetu.

Swali lile lilinikaa. Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeingia katika kazi hii ya kalamu, ndipo nilipogundua kwamba maalim hakulizua yeye. Wanazuoni wakubwa wa India walikwisha kulivutania, tena kwa fatwa na vitabu, kabla hata babu yangu hajazaliwa.

Nchini India posta ilianza kupeleka pesa kwa hawala mwaka 1880. Kabla ya hapo mfanyabiashara alikuwa na hundi yake, nasi watu wa pwani twaijua hundi vizuri. Lakini mtu mdogo, mpagazi au askari aliye mbali na kwao, alikuwa hana ila kumwamini msafiri. Walikuwako hata waliokata noti vipande viwili, wakatuma nusu ya kwanza kwa barua, wakangoja kusikia imefika ndipo watume nusu ya pili.

Posta ikaja na fomu. Mtumaji aliijaza, akatoa rupia zake na juu yake ada ya ana kadhaa, na ana kumi na sita ndizo rupia moja. Fomu ndiyo iliyosafiri. Rupia zenyewe zilibaki pale pale. Katika mji wa pili, tarishi aliichukua fomu ile pamoja na sarafu nyingine kabisa, akaenda mpaka mlangoni kwa mpokeaji, naye akatia saini yake au kidole gumba. Kipande kilichotiwa saini kikarudi kwa mtumaji kuwa ushahidi. Na msomaji asidhani nampeleka mbali: posta ya Unguja iliendeshwa chini ya posta ya India hadi 1895, na rupia ndiyo iliyokuwa sarafu ya Kenya hadi 1920.

Sasa tazama tatizo lilivyowajia mafakihi. Ukimpa mtu amana, wajibu wake ni kukurudishia kitu kile kile ulichompa, na kikipotea bila ya uzembe wake halipi. Posta haikufanya hata moja kati ya haya mawili. Ilizichanganya sarafu zako na za wengine, ikalipa nyingine, na mwizi akiiba njiani bado ilikuwa na deni lako. Huo ni mkopo. Wewe mtumaji umeikopesha serikali rupia kumi hapa ili ikulipie rupia kumi kule. Jambo hili lina jina la zamani katika vitabu vya fikihi, nalo ni suftaja, yaani kumkopesha mtu pesa katika mji mmoja ili zilipwe mji mwingine, uepukane na hatari ya njia. Mafakihi wengi waliichukia pale inaposhurutishwa, kwa kuwa mkopeshaji amevuna manufaa kutoka kwa mkopo wake, na manufaa hayo ni usalama.

Hapo ndipo aliposimama Rashid Ahmad Gangohi, mmoja wa wazee wa chuo cha Deoband, aliyefariki mwaka 1905. Fatwa yake ilikuwa kwamba kupeleka pesa kwa mani oda hakujuzu, kwani zinazotoka na zinazofika si sawa, na ile ada imeingia katika riba. Mimi nikiisoma hoja hii husita kidogo, kwani riba tuliyofunzwa huwa mwenye kukopesha ndiye anayepata ziada, na hapa mwenye kukopesha ndiye anayekatwa! Lakini mzee alikuwa akishika kanuni, naye hakuwa mtu wa kuilegeza kwa sababu ya urahisi wa posta.

Akamjibu Ahmad Riza Khan wa Bareilly kwa kitabu kizima juu ya mani oda. Yeye alisema zile ana si ziada ya mkopo hata kidogo. Ni ujira wa kazi. Posta ina makarani, ina matarishi, ina mwendo wa kufikisha, na mwenye kufanya kazi hustahili malipo. Baadaye Ashraf Ali Thanvi, ambaye naye ni wa upande wa Deoband, akatafuta njia ya kuhalalisha: muamala huu ni miwili iliyounganishwa, mkopo upande mmoja, na upande wa pili ujira wa kuiandika fomu na kuipeleka. Kila mmoja peke yake wajuzu, na watu wote wamekwisha kuingia ndani yake, basi yafaa wapewe nafasi.

Wakati wanazuoni wakibishana, serikali nayo ilikuwa na fikihi yake. Sheria ya posta ya India ya mwaka 1898 iliipa serikali uwezo wa kuweka kanuni za kiwango cha juu cha hawala, muda wake wa kutumika, na ada yake. Mtumaji aliruhusiwa, kwa masharti, kuirudisha hawala yake au kubadili jina la mpokeaji. Aliyelipwa pesa zisizo zake akakataa kuzirudisha, zilidaiwa kama kodi ya ardhi iliyolimbikizwa. Haya yote ni mazuri. Lakini kuna vifungu viwili ambavyo nadhani maalim wangu angevisoma mara mbili.

Cha kwanza: mpokeaji asipopatikana, na mwaka ukapita bila ya yeye wala mtumaji kudai, basi pesa zile hazidaiwi tena kwa serikali. Sisi chuoni tulifunzwa kwamba deni halifi kwa kuzeeka. Cha pili: haikuwezekana kuishitaki serikali kwa malipo yaliyokwenda kwa mtu asiye mwenyewe, ikiwa kosa lilitokana na mtumaji kutoa jina au anwani isiyo sahihi. Yaani hatari ya njia aliichukua posta, na hatari ya jina ikabaki kwa mwenye kuandika. Uingereza nako jina lilikuwa ndio ufunguo: mpokeaji hakulipwa mpaka ataje jina la aliyemtumia, ambalo halikuandikwa kwenye hawala yenyewe bali katika taarifa iliyopelekwa mbali kwa karani. Mwizi aliyeokota karatasi barabarani angekwama hapo.

Sisemi karani wetu wa 1982 alikuwa ameisoma sheria ya India. Hofu yake tu ilikuwa ile ile. Siku hizi, tangu pesa zilipohamia kwenye simu mwaka 2007, kijana hubonyeza namba na zikenda siko, huanza kupiga simu huku na huku azirudishiwe. Zamani kosa lilikuwa la herufi, leo ni la tarakimu.

Maalim alirudi kwenye swali lake wiki ya pili yake. "Ni karadha," akasema. "Zingekuwa amana, posta isingezilipa zikiibwa. Basi babako anaidai posta. Mamako haidai posta chochote mpaka zimfikie mkononi. Ndiyo maana karani amemrudisha kwa babako." Nilifurahi kwa kuwa nimefahamu, nikakimbia nyumbani kumweleza mama kama nilivyoelezwa, neno kwa neno. Alikuwa akipepeta mchele. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Na dukani ni mimi ninayedaiwa."

Idi ile nilivaa kanzu ya mwaka uliopita, ikiwa imenipanda juu ya vifundo. Pesa zililipwa baadaye, jina lilipokuwa limesahihishwa. Mwenye duka alingoja, na maalim ada yake hakuiulizia hata siku moja.

Tangu mwezi ule baba alijaza "Aisha" katika fomu ya posta. Katika barua iliyokuja pamoja nayo, aliendelea kumwandikia Mwana Esha.