Utamu na Ukali wa Maneno

Jioni moja katika madrasa yetu hapa Makambako, mwanafunzi mmoja Mbena alijaribu kutamka herufi khaa. Ikamtoka haa. Wenziwe ambao wazee wao wametoka pwani wakamcheka, wakasema kwamba lugha ya kwao ni nzito na yakwaruza masikio. Nasi, badala ya kuwakanya, tukatabasamu. Kesho yake mtoto yule hakuja chuoni.

Basi, ndugu wasomaji, ni kitu gani kifanyacho neno moja likawa tamu na jingine likawa kali?

Hapana shaka herufi zina sehemu yake. M na l hupita kwa ulaini. K na t huzuia pumzi, kisha huiachia kwa ghafula. Mwaka 1929 mtaalamu Wolfgang Köhler aliandika juu ya maneno mawili yasiyo na maana, takete na baluma. Watu wakionyeshwa michoro miwili, wengi humwita takete yule mwenye pembe kali, na baluma yule wa mviringo.

Lakini mazoea nayo yana nguvu kubwa. Kiswahili hupenda silabi iishie kwa irabu; ndiyo sababu rizq ya Kiarabu ikawa riziki, na waqt ikawa wakati. Nayo khabar ikawa habari. Tazameni basi! Waliomcheka mwenzao kwa kugeuza khaa kuwa haa, wao wenyewe hutamka vivyo hivyo kila asubuhi waulizanapo habari. Wala khaa haina ubaya, kwani imo katika Kurani, ambayo kisomo chake huwaliza wasikilizaji.

Kadhalika, ulaini wa sauti peke yake hautoshi. Katika Sura Al-Israa, aya ya 23, Mwenyezi Mungu ametukataza kuwaambia wazazi wetu "uff". Neno hilo ni pumzi tu ipitayo midomoni. Lakini lamchoma mzazi kwa dharau iliyomo. Ukali ulio mkubwa, basi, hutoka moyoni mwa msemaji.

Siku ya tatu tulikwenda nyumbani kwa mtoto yule. Tukamwamkia mama yake kwa Kibena: "Kamwene." Uso wake ukakunjuka, wala hatukusikia mkwaruzo wowote katika neno hilo. Tukamtaka radhi mwanawe mbele yake.

Aliporudi, tuliwafundisha watoto wote upya mahali itokeapo khaa, mwisho wa koo ulio karibu na kinywa. Wengi walikosea, na hakuna aliyecheka.

Wabillahi tawfiq.