Walianzia mlangoni, si kwenye kamera

Omera, ukiwa Mbita au Rongo na una ndoto ya kutengeneza muvi, najua unachowaza kwanza: kamera. Unahesabu doo, unaona haitoshi, ndoto inalala. Hebu tuangalie watu walioanzia kwingine, pale mlangoni tikiti inapokatwa.

Carl Laemmle alizaliwa Ujerumani mwaka 1867, akaingia Marekani 1884 akiwa na miaka 17. Kwa miaka mingi alisimamia duka la nguo mjini Oshkosh. Mwaka 1906 akafungua ukumbi mdogo wa sinema Chicago, ule wa kuingia kwa senti tano. Adolph Zukor kutoka Hungary aliuza makoti ya manyoya. Samuel Goldwyn wa Warsaw aliuza glavu. Wote walikuwa Wayahudi, wote wahamiaji. Biashara za heshima ziliwabania, lakini sinema wakati huo ilidharauliwa, ati ni burudani ya vibarua. Mlango ambao matajiri waliupuuza ndio walioingilia.

Haikuwa mteremko. Mwaka 1908 Thomas Edison na wenzake waliungana, wakataka kila mwenye projekta awalipe. Laemmle akakataa, na 1909 akaanza kutengeneza filamu zake mwenyewe. Mwaka 1912 ikazaliwa Universal. Mwaka 1915 mahakama ikasema muungano ule ulivunja sheria.

Na usidhani ni mambo ya ng'ambo tu. Zanzibar, mfanyabiashara Jariwalla, mwenye asili ya India, alifungua jumba la Royal mwaka 1921. Majumba mengi ya sinema Afrika Mashariki yalimilikiwa na Wahindi, jamii ile ile iliyoleta maduka hadi Kendu Bay. Idi Amin alipowafukuza Uganda mwaka 1972, hadithi haikuzikwa. Mwaka 1981 Sharad Patel, Mkenya mwenye asili ya India, alitoa filamu kuhusu Amin. Nani aliigiza Amin? Joseph Olita, jirani yetu wa Siaya.

Sasa rudi kwenye kibanda cha video hapo mtaani kwako Migori. Mwenye kibanda anajua watu hucheka wapi, na wanatoka lini. DJ Afro alijijengea jina kwa kusimulia muvi za kigeni kwa lugha ya mtaani. Shida ni moja: muvi zenyewe bado ni za wengine, mara nyingi nakala zisizolipiwa, na sheria inataka hata kibanda kiwe na leseni ya bodi ya filamu. Hela ya tikiti inaingia, lakini hadithi yetu haitoki.

Laemmle hangebaki hapo. Kwa hivyo piga kitu cha dakika kumi na simu yako: wavuvi, waendesha boda, mapenzi ya Homa Bay, chochote unachokijua. Kisha mwombe mwenye kibanda akionyeshe Jumamosi kabla ya mechi, mgawane kiingilio. Simama nyuma, uangalie wanacheka wapi.